Kwa nini goli lile lilikataliwa: uwanja, namba na sheria ya kuotea

Mechi za Jumamosi zikiisha, mabaraza ya Mombasa huchelewa kuvunjika. Kuanzia Kisauni hadi Likoni, kinachobishaniwa mara nyingi ni goli moja lililokataliwa. Mmoja anashikilia kuwa beki alikuwa bado yuko nyuma. Wa pili anasema mpira ulishamgusa adui, kwa hivyo mambo yalikwisha. Wa tatu anaapa kwamba mchezaji mwenyewe hata hakuugusa mpira. Huenda wote watatu wameona vyema, na bado hukumu yao ikawa na kasoro, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande tu cha sheria.

Kuotea, au ofsaidi kama isemwavyo viwanjani, ni sheria ya 11 kati ya sheria 17 za kandanda. Imejengwa juu ya maswali mawili, na kila swali lina wakati wake. La kwanza: mchezaji alikuwa wapi pale mwenzake alipoucheza mpira? La pili: baada ya hapo alifanya nini? Kusimama mahali pa kuotea peke yake si kosa. Mtu anaweza kukaa hapo dakika zote tisini na asipulizwe filimbi hata mara moja. Ila kabla ya kuyajibu maswali hayo ni lazima uwanja wenyewe ueleweke, maana hii ni sheria ya mistari.

Mistari na vipimo

Uwanja ni mstatili. Kwa mechi za kimataifa urefu wake ni mita 100 hadi 110 na upana mita 64 hadi 75. Viwanja vingi vikubwa siku hizi hupimwa mita 105 kwa 68. Mechi nyingine zimepewa uhuru zaidi, urefu mita 90 hadi 120 na upana mita 45 hadi 90, hivyo uwanja wa mtaani ulio mfupi na mwembamba unaweza kuwa halali kabisa. Mistari miwili mirefu ni ya pembeni, miwili mifupi ni ya goli, na mstari wa kati unaugawa uwanja nusu kwa nusu. Goli lina upana wa mita 7.32 kati ya milingoti, na mtambaapanya uko mita 2.44 kutoka chini.

Mbele ya goli kuna masanduku mawili. Kubwa ndilo eneo la hatari, lile tunaloliita kumi na nane kwa sababu ya yadi zake 18, yaani mita 16.5. Dogo ni la yadi sita, mita 5.5. Doa la penalti liko mita 11 kutoka mstari wa goli. Duara la katikati lina nusu kipenyo cha mita 9.15, umbali uleule ambao adui hutakiwa kukaa mpira wa adhabu unapopigwa. Kile kipande cha duara kilicho nje ya kumi na nane kimechorwa kwa kazi hiyohiyo: kuwaweka wachezaji mita 9.15 kutoka doa la penalti.

Wanaochora viwanja kwa chokaa hukosea sana hapa. Kumi na nane hupimwa kuanzia ukingo wa ndani wa kila mlingoti kwenda pembeni mita 16.5, kisha kuingia uwanjani mita 16.5. Ukipima sawasawa, upana wa sanduku zima utakuwa mita 40.32. Wengi huhesabu hatua kumi na nane, lakini hatua ya mtu wa kawaida haifiki yadi moja, na sanduku huishia kuwa dogo. Baadaye watu wanapigania kama rafu ilikuwa ndani au nje. Tumia futi ya kamba au kamba iliyopimwa. Kuhakikisha pembe ni mraba, pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili: kati ya ncha hizo mbili lazima zipatikane mita 5 kamili.

Mstari ni sehemu ya eneo unalolizunguka. Rafu iliyofanyika juu ya mstari wa kumi na nane ni penalti, na mpira unahesabiwa umetoka au umeingia goli pale tu wote ulipouvuka mstari wote, iwe chini au hewani.

Namba na ukuta wa mabeki

Kila timu ina wachezaji 11, mmoja wao kipa, na ikibakiwa na chini ya saba mechi haiwezi kuendelea. Kwetu nafasi hutajwa kwa namba. Moja ni kipa. Mbili ni beki wa kulia, tatu beki wa kushoto, nne na tano ni mabeki wa kati. Sita ni kiungo mkabaji anayekaa mbele ya mabeki, nane ni kiungo wa kupanda na kushuka, kumi ni mchezeshaji. Saba na kumi na moja ni mawinga, na tisa ni mshambuliaji wa kati. Namba za mgongoni siku hizi hazifuati utaratibu huo, lakini kocha akipiga kelele "namba tatu, panda!" kila mtu anajua nani anaitwa.

Kwa habari ya kuotea, namba mbili hadi tano ndio wenye mali. Hao wanne wakisimama kwa mstari mmoja na kusonga mbele kwa pamoja, wanaifinya timu pinzani mbali na goli lao. Akibaki mmoja nyuma kwa hatua mbili, labda namba tatu amechoka kurudi au amezubaa akiangalia mpira, washambuliaji wote wanahalalishwa na yeye, hata aliye upande wa pili wa uwanja. Mstari hausemi nani anamkaba nani. Unamhesabu tu anayehusika, popote alipo kwa upana wa uwanja.

Namba tisa mzuri naye hukimbia kwa upinde. Huanza nyuma ya ukuta au sambamba nao, hukimbia kwanza kwa kuukatiza, halafu hukunja kuelekea goli pasi inapotoka. Anayekimbia moja kwa moja huvuka mapema, na kosa huwa la mpiga pasi sawa na lake: pasi iliyochelewa nusu sekunde inamwotesha mtu aliyekuwa amejipanga vizuri.

Swali la kwanza: alikuwa wapi?

Mchezaji yuko mahali pa kuotea ikiwa mambo matatu yametimia kwa wakati mmoja. Kichwa, mwili au mguu wake, japo sehemu tu, uko katika nusu ya adui. Sehemu hiyo iko karibu zaidi na mstari wa goli la adui kuliko mpira. Na iko karibu zaidi kuliko mchezaji wa adui wa pili kutoka mwisho. Likikosekana moja, hajaotea.

Mikono haihesabiwi, ya mshambuliaji wala ya beki, hata ya kipa. Mkono unaanzia usawa wa chini ya kwapa, kwa hivyo bega linahesabiwa na kiwiko hakihesabiwi. Kuwa sambamba na adui wa pili kutoka mwisho ni halali tangu 1990. Kabla ya hapo sambamba kulikuwa ni kuotea, na wazee waliojifunza mpira zamani bado wanauhukumu hivyo. Mstari wa kati nao hauhesabiwi kuwa nusu ya adui.

Maneno "wa pili kutoka mwisho" ndiyo yanayowakosesha watu zaidi. Tumezoea kusema "beki wa mwisho", kwa sababu kwa kawaida kipa ndiye wa mwisho kabisa na beki ndiye wa pili. Lakini sheria haimtaji kipa. Akitoka golini na kuwaacha mabeki nyuma yake, hesabu inahama. Mfano bora ni mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la 2022, Qatar dhidi ya Ecuador. Dakika za mwanzo Enner Valencia alifunga kwa kichwa, goli likakataliwa, na watazamaji wengi wakadhani wameonewa kwa kuwa beki wa Qatar alionekana wazi nyuma. Alikuwepo kweli, lakini alikuwa peke yake. Kipa alikuwa ametoka kugombea mpira wa juu, na mpira ulipoguswa na mwenzake, mguu wa Michael Estrada wa Ecuador ulikuwa umempita adui wa pili kutoka mwisho. Goli lilikataliwa kihalali. Ecuador walishinda 2-0 hata hivyo, yote mawili ya Valencia.

Kisha kuna wakati wenyewe. Kinachohesabiwa ni pale mguu wa mpiga pasi unapougusa mpira mara ya kwanza, na pale tu. Ni kama kupiga picha kwa simu wakati huo: picha ndiyo ushahidi, na kinachotokea baadaye hakiibadilishi. Aliyekuwa sawa kwenye picha anaweza kuupokea mpira akiwa mita kumi nyuma ya mabeki wote, na ni halali. Aliyekuwa ameotea kwenye picha hawezi kujisafisha kwa kurudi nyuma kuufuata mpira, hata akiupokea ndani ya nusu yake mwenyewe.

Kutoka hapo linaanguka dai la barazani kwamba pasi ya kurudi nyuma haina kuotea. Sheria haijataja mwelekeo wa pasi. Inachouliza ni kama mpokeaji alikuwa mbele ya mpira. Winga akifika karibu na mstari wa goli na kumrudishia mwenzake aliye nyuma ya mpira, mwenzake huyo hajaotea kamwe, hata kama mabeki wote wamebaki mbali nyuma yake. Ila kama mwenzake alikuwa mbele ya mpira na ya adui wa pili kutoka mwisho, kisha akarudi kuukuta, ameotea, pasi iwe imekwenda upande gani.

Beki naye hawezi kutoka nje ya mstari makusudi ili amwoteshe mtu. Akitoka bila ruhusa ya refa anahesabiwa kana kwamba yuko juu ya mstari wa goli au wa pembeni, mpaka mchezo usimame au timu yake iuondoe mpira kuelekea katikati na utoke nje ya kumi na nane. Yule anayelala nje akiugulia goti bado anawahalalisha washambuliaji.

Swali la pili: alifanya nini?

Aliye mahali pa kuotea huadhibiwa kwa njia tatu: akiucheza au kuugusa mpira uliotoka kwa mwenzake, akimzuia adui, kwa mfano kumziba kipa macho, kugombania naye mpira au kufanya kitendo cha wazi kinachomwathiri, au akifaidika na mpira uliorudi baada ya kugonga mlingoti, refa au adui, au uliookolewa na kipa au beki.

Hii ya tatu huwapita wengi. Straika ameotea, lakini pasi haikumlenga. Mwenzake aliye sawa anapiga shuti, kipa anautema, straika anamalizia. Goli halihesabiwi ikiwa wakati wa shuti alikuwa mahali pa kuotea. Kuokoa kwa kipa hakumsafishi.

Njia ya pili, ya kumzuia adui, ndiyo iliyozua zogo la Januari 2023 kule Manchester, United walipocheza na City. Casemiro alipiga pasi, Marcus Rashford aliyekuwa ameotea akaukimbilia mpira hadi ukawa miguuni pake, hakuugusa, na Bruno Fernandes akatokea nyuma na kufunga. Kibendera kilipanda, refa akabadilisha uamuzi na kulikubali goli. United wakashinda 2-1. Hoja ilikuwa kwamba hakuugusa na hakumzuia mtu. Kwa maoni yangu hoja hiyo ilikuwa dhaifu. Mabeki na kipa walijipanga kwa ajili ya Rashford, na mtu anayeukimbilia mpira hatua kwa hatua amefanya kitendo cha wazi kinachowaathiri. Lakini mfano wenyewe unafundisha kwamba "hakuugusa" haitoshi kuwa jibu. Lazima uulize pia kama alimwathiri adui.

Sasa lile la "mpira ulishamgusa adui". Kumgusa tu hakufuti kitu. Kinachofuta ni adui kuucheza mpira kwa makusudi akiwa na uwezo wa kuumiliki, kuupasia au kuuondosha. Oktoba 2021, fainali ya Ligi ya Mataifa ya Ulaya, Kylian Mbappé alikuwa ameotea pasi ilipopigwa, lakini Eric García wa Hispania aliurukia mpira kwa mguu na kuugusa kidogo. Goli likakubaliwa, Ufaransa ikachukua kombe kwa 2-1. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka 2022 wenye sheria wakatoa ufafanuzi: tazama kama mpira ulitoka mbali na beki aliuona vizuri, kama haukuwa na kasi kubwa, kama mwelekeo haukumshtua, na kama alikuwa na nafasi ya kuuweka mwili wake sawa. Mpira wa chini ni rahisi kuumiliki kuliko wa hewani, na hilo nalo linapimwa. Beki aliyejinyoosha kwa shida na kuuparaza hajaucheza kwa maana ya sheria, na aliyeotea anabaki ameotea. Uokoaji haufuti kamwe, hata ukifanywa kwa makusudi.

Mipira isiyo na kuotea

Mitatu tu: kona, mpira wa kurusha na goli kiki. Mtu akiupokea moja kwa moja kutoka kwa mojawapo, hakuna kosa popote alipo. Mkwaju wa pili, baada ya kona kupigwa fupi na kurudishwa, unafuata sheria kama kawaida, na hapo ndipo mpiga kona aliyebaki karibu na kibendera cha kona huotea bila kujua.

Watu huchanganya goli kiki na mpira mwingine wa kipa. Kipa akiupiga kutoka mikononi, kuotea kupo. Akipiga mpira wa adhabu kutoka ndani ya kumi na nane yake, tuseme baada ya adui kuotea, kuotea kupo pia, ingawa kwa macho mkwaju unafanana kabisa na goli kiki.

Vijana wa pwani wana sababu ya ziada ya kukosea. Mpira wa ufukweni na futsal havina sheria hii hata kidogo, na mpira wa makaratasi wa uchochoroni hauna pia. Anayekulia humo hujizoesha kungoja karibu na goli. Akiingia uwanja mkubwa, jambo la kwanza la kumfundisha ni kuangalia kulia na kushoto, amjue adui wa pili kutoka mwisho, kabla ya kuutazama mpira.

Bila mashine

Mitambo ya kupima kuotea ya Kombe la Dunia la 2022 ilikuwa na kamera 12 za kufuatilia wachezaji na kihisio ndani ya mpira kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza kutumia mitambo ya namna hiyo Aprili 2025. Mashine hujibu swali la kwanza tu. La pili bado ni la refa, na ndiyo maana hata mistari ikichorwa kwenye kioo mabishano hayaishi. Kenya, Tanzania na Uganda zikijiandaa kuwa wenyeji wa AFCON ya 2027, tofauti hiyo inafaa ieleweke mapema.

Mechi ya Tononoka, Serani au uwanja wa Bomu kule Changamwe inategemea mtu mmoja mwenye kibendera. Kazi yake ni kukaa sambamba na adui wa pili kutoka mwisho, au na mpira ukiwa mbele zaidi ya huyo adui. Asiukimbize mpira ukiwa katikati. Akimbie kwa ubavu, uso ukiuelekea uwanja. Akibaki nyuma ya mstari hata kwa hatua moja, macho yatamdanganya kwa pande mbili: mshambuliaji aliye karibu naye ataonekana ameotea hali yuko sawa, na aliye upande wa mbali, akiwa ameotea kidogo, ataonekana yuko sawa. Akitangulia mbele, udanganyifu unageuka. Malalamiko mengi ya "mshika kibendera ameuza mechi" yanaanzia kwenye miguu yake, kwa kuwa alichelewa kufika mahali pa kutazamia.

Asiharakishe pia. Aliyeotea akiwa hajaufikia mpira na mwenzake asiyeotea naye anaukimbilia, kibendera kingoje hadi ajulikane nani ataucheza. Kikipanda, kinainuliwa wima kwanza, halafu refa akishapuliza kinaelekezwa: juu kwa mshazari kama kosa ni upande wa mbali, usawa wa bega kama ni katikati, chini kwa mshazari kama ni upande wa karibu. Mpira wa adhabu hupigwa pale aliyeotea alipofanya kosa, hata kama ni ndani ya nusu yake mwenyewe, na hauwezi kuingia goli moja kwa moja. Lazima uguswe na mchezaji mwingine kwanza, na refa aushikilie mkono wake juu mpaka hapo.